Mashindano ya shule: nafasi itafutwe uwanjani, isitoke kwenye karatasi za mwaka jana



Tangu tulipoongea habari hii katika kipindi cha michezo, simu hazijakoma. Swali ni hili: katika mashindano ya kabumbu ya shule za sekondari, je, timu zinazojulikana kuwa na nguvu zitengwe ili zisikutane mapema, na zile nyingine zipite mchujo kwanza? Au tuendelee kama tulivyozoea, majina 16 katika kofia, mtoto anachota, na anayefungwa anarudi nyumbani?

Najua kuna atakayesema: huyu mwandishi anaongea mupira wakati watu wanatafuta unga. Ninamuelewa. Lakini tangu vita vilipofika Bukavu Februari 2025, vijana wetu wamepoteza siku nyingi za masomo, na wengine wamepoteza hata rafiki wa kukaa naye kwenye benchi. Leo ukiingia darasani hapa Kadutu utakuta mtoto wa Nyamugo, mtoto wa Cimpunda, na mtoto aliyekuja na mama yake na mfuko mmoja wa nguo. Mahali pa kwanza ambapo watatu hao wanaitana kwa majina ni kiwanjani. Kwa hiyo namna tunavyopanga mechi inaamua pia nani atapata kujulikana, na nani atarudi kukaa peke yake.

Tuanze na mpango wa zamani. Timu 16, anayefungwa anatoka: jumla mechi 15. Ni rahisi, ni bei ndogo, na kila mtu anaelewa. Lakini hesabu yake ni kali. Siku za kwanza mbili au tatu tu, shule 8 zimeshamaliza. Nusu ya vijana waliojiandaa wanacheza mara moja, basi. Mimi nilikuwa beki wa kushoto wa shule moja ya hapa mtaani. Tulifanya mazoezi tangu mwezi wa kumi, asubuhi kabla ya darasa, kwenye kile kipande cha ardhi tambarare ambacho milima ya Kadutu inatuachia. Kura ikatupa timu iliyokuwa bora kuliko zote mwaka ule. Tulitoka sare, tukafungwa kwa penalti. Wiki iliyofuata tulikaa juu ya ukuta tukiangalia timu ambazo tungeweza kuzifunga zikiendelea mbele. Hakuna aliyetuibia, kura ilikuwa kura. Lakini kocha wetu, mwalimu mmoja wa hesabu, alituambia neno ambalo sijalisahau: kura haijui kucheza.

Alikuwa na haki. Ukichota majina 16 bila mpango, timu mbili bora zina nafasi 7 katika 15 ya kukutana kabla ya fainali. Hiyo ni karibu nusu. Ndiyo maana mara nyingi fainali inakuwa baridi, na mechi kubwa ya mwaka imeshachezwa siku ya pili mbele ya watu wachache. Wakubwa wa shule wanaotaka timu kubwa zitengwe wanasema hivyo, na mimi sioni kwamba wana nia mbaya. Wanasema pia kwamba timu iliyofanya vizuri mwaka jana isilipwe kwa kutupwa mbele ya simba siku ya kwanza. Ni haki kuwasikiliza.

Shida inaanza unapouliza: nguvu ya timu tutaipima kwa nini? Jibu linalotolewa ni matokeo ya mwaka jana. Kwa klabu hilo linaweza kwenda. OC Muungano au Bukavu Dawa inaweza kubaki na wachezaji wake wengi mwaka hata mwaka. Lakini shule ni kitu kingine. Kila mwaka darasa la mwisho linafanya Exetat na kuondoka, na mara nyingi ndilo lenye golikipa, kapiteni na mshambuliaji. Shule iliyofika nusu fainali mwaka jana inaweza kuwa leo na watoto wapya tupu. Ukiipa nafasi ya pekee, umeheshimu vijana ambao wameshaondoka.

Na upande wa pili kuna shule ambayo mwaka jana haikucheza kabisa. Labda ilifungwa, labda walimu walikuwa wamekimbia, labda vijana wake bora ni wale waliofika juzi. Hiyo haina karatasi ya kuonyesha. Katika mpango huo wa kutenga, yenyewe ndiyo itapelekwa kwenye mchujo wa kwanza, icheze mechi ya ziada, ilipe usafiri wa ziada, halafu ikipita ikutane na timu iliyopumzika. Mama mmoja aliyehama kutoka upande wa Kalehe alinipigia simu, akaniuliza: “Kaka, mtoto wangu anacheza vizuri, walimu wenyewe wanasema. Sasa watamuhesabia mwaka ambao tulikuwa njiani?” Sikuwa na jibu zuri kuliko swali lake.

Ili tusiongee hewani, tuangalie Leopards wetu. Katika kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia la 2026, Kongo ilimaliza ya pili katika kundi lake, nyuma ya Senegal. Hapo ndipo mchujo ukatusaidia: timu nne za pili zilizokuwa bora Afrika zilipewa mlango mwingine, kule Morocco, Novemba 2025. Zilikuwa Nigeria, Cameroon, Kongo na Gabon. Zilipangwa kwa orodha ya FIFA: ya juu kabisa ikutane na ya chini kabisa, na hizo mbili za katikati zikutane. Sisi tulipewa Cameroon. Kwenye orodha Cameroon ilikuwa juu yetu. Uwanjani Chancel Mbemba alifunga dakika za mwisho, 1-0. Kisha tukakutana na Nigeria, iliyokuwa juu ya wote wanne, tukaitoa kwa penalti. Mnakumbuka kelele za usiku ule.

Baada ya hapo orodha ileile ikatugeukia upande mzuri. Katika mchujo wa mabara, FIFA iliiweka Kongo moja kwa moja kwenye mchezo wa mwisho wa njia yake, huku New Caledonia na Jamaica zikianza chini. Kwa hiyo tusiseme kwamba kutenga timu ni uonevu siku zote. Inategemea kipimo. Orodha ya FIFA inahesabu mechi ambazo timu zenyewe zimecheza, na inabadilika kila zinapocheza tena. Sisi huku hatuna orodha kama hiyo.

Kuna jambo lingine la mashindano yale ambalo watu wachache waliliona, na ndilo linatuhusu zaidi. Eritrea ilijitoa kabla ya kuanza, kundi lake likabaki na timu tano wakati makundi mengine yalikuwa na sita. Ingekuwaje kulinganisha timu za pili, wakati moja imecheza mechi chache? Wakaamua hivi: katika makundi yenye timu sita, matokeo dhidi ya timu ya mwisho yasihesabiwe kwenye ulinganisho huo. Kwa namna hiyo hakuna aliyeadhibiwa kwa sababu ya mwingine kutokuwepo. Ikiwa Afrika nzima imeweza kupiga hesabu hiyo, walimu wetu wa michezo wataiweza pia siku barabara itakapofungwa na shule moja ishindwe kufika.

Sasa maoni yangu. Mchujo ninaukubali, lakini uwe wa wote. Kutenga timu ninakubali pia, lakini kuje baada ya kucheza.

Tuchukue timu zetu 16 tuziweke katika makundi manne ya timu nne, kwa kura, bila kuangalia jina la shule. Kila kundi licheze kwenye kiwanja kilicho karibu na shule zake, mechi mbili kila Jumamosi. Kwa Jumamosi tatu kila shule imecheza mara tatu. Timu mbili za kwanza za kila kundi zinapita. Hapo ndipo nguvu ipate malipo yake: wa kwanza wa kundi akutane na wa pili wa kundi lingine, na timu mbili zilizotoka kundi moja zitenganishwe ili zisikutane tena mpaka fainali. Robo fainali, nusu fainali na fainali ndizo ziende Stade de la Concorde, watu wajae.

Mtaniambia: mechi zitakuwa 31 badala ya 15, pesa zitatoka wapi? Hesabuni tena. Mpango wa zamani, ukichezwa wote kwenye kiwanja kimoja, mechi nne kila mwisho wa wiki, unachukua wiki 5. Huu unachukua wiki 6, kwa sababu makundi yanacheza siku moja kwenye viwanja vinne. Ongezeko ni wiki moja tu. Ni kweli waamuzi watahitajika wengi zaidi. Lakini katika makundi watoto wanatembea kwa miguu, hawalipi moto wala taksi, na wanafika nyumbani kabla giza haijaingia. Kwa hali ya mji wetu sasa, mzazi atafurahia hilo la mwisho kuliko kombe lenyewe.

Kuhusu watoto waliohama, wengi wanaogopa udanganyifu: kwamba mtu mzima atavalishwa jezi ya shule na kuitwa mkimbizi. Hofu hiyo ina msingi. Lakini kudai buletini ya shule alikotoka ni kumfungia mlango yule aliyekimbia bila kitu mkononi. Tuangalie daftari la mahudhurio. Kijana aliyekaa darasani muhula huu, mwalimu wake akathibitisha kwa sahihi, acheze. Asiyejulikana na darasa, asicheze. Sheria iwe moja kwa mwenyeji na kwa mgeni.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimeona timu za hapa Kadutu zikipata winga ambaye hawakuwahi kuwa na mfano wake, kijana ambaye mwaka uliopita alikuwa anachunga mbuzi mbali na hapa. Timu ikapona, na yeye akapata watu.

Ninaomba wakubwa wa shule na walimu wa michezo, kabla ya kuandika sheria, wakae siku moja na makocha wa shule ndogo pia, na wazazi wawili watatu waliohama wawepo. Sisi kwenye redio tutasoma sheria hiyo hewani kabla ya kura kuchotwa, ili kila mtoto ajue ni mechi ngapi zinamngojea. Kwangu mimi, zisipungue tatu.