Maktaba Ilinifundisha Kuuliza "Nani Amesema?"

Ninatoa ushuhuda huu kwa wanafunzi wa ualimu walioko vyuoni leo, hasa wale wanaoijua maktaba kama mahali patulivu pa kupitia madesa wakati wa mitihani. Mimi pia niliijua hivyo. Nilisoma shahada ya ualimu Dar es Salaam, na miaka ya mwanzo tulisoma kwa kopi za steshenari, slaidi za mhadhiri na chochote kilichotangulia kwenye Google. Leo nafundisha Biolojia sekondari. Namna ninavyotafuta na kupima maarifa nilifundishwa na mkutubi wa chuo, na imebadilisha ualimu wangu wote.

Nilimwendea kwa ajili ya utafiti wa mwaka wa tatu. Mada yangu ilikuwa lugha ya kufundishia masomo ya sayansi. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili hufika kidato cha kwanza akakuta Biolojia yote iko kwa Kiingereza, nami nilitaka kujua watafiti wamegundua nini kuhusu jambo hilo.

Yule mama hakunipa kitabu. Alinipa karatasi, akaniambia niandike swali langu, kisha chini yake niandike majina yote ambayo watu wengine huliitia jambo hilohilo. "Mwanangu," aliniambia, "kompyuta haijui unachotaka. Inajua ulichoandika." Nilikuwa nikitafuta kwa maneno "medium of instruction". Akanionyesha kwamba ERIC, hifadhi ya maandiko ya elimu ambayo serikali ya Marekani imeiendesha tangu miaka ya 1960, ina orodha yake rasmi ya istilahi, na humo jambo hilo huitwa "language of instruction". Nilipobadilisha neno moja, makala ambazo sikuwahi kuziona zikaanza kujitokeza.

Alinifundisha pia kusoma alama za ERIC. Namba ikianza na EJ, hiyo ni makala ya jarida. Ikianza na ED, ni maandiko mengine, kama ripoti, tasnifu au mada ya mkutano, na mengi kati ya hayo hupakuliwa mazima bila malipo. Pana kisanduku cha kubofya ukitaka kuona tu makala zilizohakikiwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa. Kwa sauti za Afrika alinielekeza AJOL, mkusanyiko wa majarida ya Afrika ulioanza mwaka 1998 na wenye makao yake Afrika Kusini.

Kisha akanifundisha kuanzia nyuma ya makala, kwenye marejeo. Nilianza na maandiko ya LOITASA, mradi ulioanza mwaka 2002 na kuwakutanisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwei. Karibu yote yalitaja ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984. Walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta kwamba wengi wa sekondari hawakimudu kiasi cha kusomea masomo mengine, lakini wakapendekeza Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia. Mradi uliofuata wa kuimarisha Kiingereza shuleni uligharimiwa na Uingereza. Hapo nikajifunza kutenganisha kilichopimwa na kilichopendekezwa, na kuuliza kila mara nani alilipia kazi. Swali hilo halimfanyi mtafiti kuwa mwongo. Linamsaidia msomaji kuelewa kwa nini pendekezo fulani lilifuata matokeo fulani.

Lakini kilichonigeuza kabisa ni ile piramidi ya kujifunza. Kila aliyesomea ualimu ameiona: mtu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma, 20 ya anachosikia, 30 ya anachoona, hadi 90 ya anachofanya. Ilikuwa kwenye madesa yetu, na wanafunzi waliiweka kwenye kazi zao wakimtaja Edgar Dale. Mkutubi akanituma nikatafute alichosema Dale mwenyewe. Dale, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Ohio State, alichapisha mchoro wa koni mwaka 1946 katika kitabu chake kuhusu vifaa vya kuona na kusikia katika ufundishaji. Mchoro wake unapanga aina za uzoefu, kuanzia kutenda jambo lenyewe hadi alama za maneno. Hauna asilimia hata moja, na Dale mwenyewe aliwaonya wasomaji wasiuchukulie mchoro huo kama ngazi isiyobadilika. Asilimia ziliongezwa na watu wengine, na hakuna utafiti unaoonekana nyuma yake.

Nilitafakari sana madhara yake. Mwalimu anayeamini kwamba kusoma huacha asilimia 10 tu atawapunguzia watoto kusoma, tena katika shule ambayo pengine kitabu kimoja kinatumiwa na wanafunzi kadhaa. Tarakimu isiyo na mwenyewe inaweza kumnyima mtoto kitabu kilichopo mkononi mwake.

Tangu hapo sipitishi dai lolote darasani kabla sijalipitisha kwenye maswali manne. Nani amesema? Amejuaje: amepima nini, kwa watu wangapi, wapi? Nani amelihakiki? Nani amegharimia? Wasambazaji wa semina na vitabu wanapokuja shuleni na kusema kila mtoto ana mtindo wake wa kujifunza, wa macho, wa masikio au wa mikono, ninakumbuka tathmini ya Pashler na wenzake ya mwaka 2008, ambao walitafuta ushahidi wa kutosha wa kufundisha kwa mpangilio huo wasiupate. Ninawaeleza wenzangu katika kikao cha idara, kwa heshima, na ninawapa makala yenyewe waisome. Hata wanafunzi wangu sasa huniuliza, "Mwalimu, hilo limepimwa wapi?" Nami hulijibu swali hilo kwa furaha.

Kwako unayesomea ualimu: usingoje mwaka wa tatu. Nenda kwenye meza ya mkutubi muhula wa kwanza, ukiwa na swali moja lililoandikwa. Jifunze kutumia ERIC na AJOL kwenye simu yako, maana hutahitaji nywila ya chuo utakapokuwa umepangiwa shule ya mbali. Na dai lolote la elimu ulifuate hadi kwa aliyelisema kwanza. Watoto watakaokaa mbele yako wataamini utakachowaambia, kwa hiyo wana haki ya mwalimu aliyehakikisha.