Omba Chumvi, Usibebe Sufuria: Kilichomkuta Binti wa Rangi Tatu

Saa nne usiku, binti mmoja wa Mbagala Rangi Tatu aliposti mchoro wake Insta. Mwanamke mweusi tii, nguo nyeupe, nyuma yake kweupe kabisa, yaani nguo na ukuta kama vimeyeyuka pamoja. Chini akaandika: "Kazi ya mikono yangu." Laiki zikamiminika kuliko siku zote tangu aanze chuo cha sanaa.

Saa sita, mtu akaweka picha mbili sambamba. Moja ya binti, nyingine ya Sungi Mlengeya. Pozi lile lile, shingo ile ile, mpaka kidole kilichokunjwa ni kile kile. Usingizi ukaishia hapo.

Kwa asiyemjua, Mlengeya ni mchoraji wa Kitanzania aliyezaliwa mwaka 1991. Alijifunza mwenyewe, akaacha kazi ya benki na kuhamia kwenye brashi. Wanawake wake weusi waliozungukwa na weupe wanajulikana mbali. Sasa kumuiga mtu kama huyo halafu uandike "mikono yangu", si ni kujitafutia balaa?

Kwenye grupu la darasa, shoga yake akajaribu kumtetea. "Jamani, hata Picasso alichukua vinyago vya Afrika!" Hamna aliyejibu.

Na mchoro wenyewe haukuwa wa Insta tu. Ndiyo ilikuwa kazi ya mradi ya muhula. Akifeli anarudia somo, akirudia analipa tena, na ada ya nyumbani kwao inatoka kwenye karai la maandazi la mama yake. Kila asubuhi, andazi kwa andazi.

Asubuhi akaitwa ofisini.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Kaa hapo." Madam akaweka simu mezani, ule mchoro ukiwa wazi. Binti alijiandaa kufokewa. Badala yake akaulizwa kwa sauti ya chini: "Huyu mwanamke ni nani?"

Kimya.

"Mlengeya anamjua wa kwake. Wa kwako wewe ni nani?"

Binti akajaribu ile ya Picasso. Madam akacheka kidogo. "Picasso mwaka 1907 aliviona vinyago vya Afrika kule Paris, vikamshtua. Na yeye alilaumiwa, watu wanabishana mpaka leo. Lakini hata yeye alirudi kwenye kazi yake akabadilisha namna ya kuchora sura. Wewe umebeba mpaka kidole. Mwanangu, kwa jirani unaomba chumvi, hubebi sufuria yake na mboga ndani."

Akampa wiki mbili. Masharti: wasanii watatu wa rejea, na kila mmoja aulizwe swali moja. Pembeni ya kila mchoro kwenye daftari aandike kachukua nini na kaacha nini. Watatu, Rangi Tatu. Binti hakuwa hata na nguvu ya kucheka.

Akaanza na Mlengeya huyo huyo, safari hii bila penseli. Akauliza: kwa nini kweupe? Alipotazama kazi nyingi kwa pamoja, akaona. Pale hamna kiti, hamna dirisha, hamna mtaa. Jicho halina pa kukimbilia, linabaki na mtu.

Jibu lake alilipata saa kumi alfajiri, alipotoka kwenda chooni. Mama yake alikuwa jikoni uani, kuni mbichi, moshi umetanda. Banda halionekani, ndoo hazionekani, kanga yenyewe imemezwa. Vimebaki uso na mikono miwili juu ya karai. Binti akasimama pale kwenye baridi. Kumbe weupe wake ulikuwa uani siku zote. Akaandika: "Nimechukua kufuta vitu. Nimeacha rangi nyeupe. Kwangu kinachofuta ni moshi."

Wa pili alikuwa Edward Saidi Tingatinga. Binti alikuwa akimdharau kimoyomoyo, si unajua, twiga na tembo za kuuzia watalii. Akapanda magari mawili mpaka Oysterbay, kwenye banda la chama cha ushirika cha wachoraji wa tingatinga. Akajifunza kwamba mzee huyo, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 hapa hapa Dar, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za mafuta zile za kupakia baiskeli. Mwaka 1972 akafa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alichora miaka minne tu, na watu bado wanakula kwa jina lake.

Swali lake likawa: mtu asiye na hela ya kanvasi anafanyaje? Na jibu lilikuwa mbele yake. Akarudi Mbagala, akamuomba fundi seremala kipande cha hadibodi na kopo la rangi iliyobaki. Akachukua na kitu kingine: Tingatinga aliweza kumpa mnyama mmoja ubao mzima. Basi mama yake naye akapewa ubao wote, viwiko vinagusa kingo. Mara ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Rangi ile inachelewa kukauka, moshi ukachuruzika kama uji. Akaikwangua, akaanza upya, safari hii akisubiri kila tabaka likauke. Siku mbili zikaliwa hivyo.

Wa tatu, George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934, Mmakonde. Alianza kwenye kuchonga, na alipohamia kwenye rangi, pale Nyumba ya Sanaa, mashetani yake yakamfuata: masikio makubwa, miguu mipana, wote wamesongamana utadhani daladala la jioni. Binti alitaka kujua: umati unaenea vipi bila kumfunika mtu mmoja? Akachora foleni ya wateja wa mama, wamejikunja, masikio hayo! Akampelekea madam. Ukarudi na mstari mmoja: "Hii ni ya Lilanga. Yako iko wapi?"

Hapo alilia. Kesho yake akakaa kwenye ndoo pembeni ya mama akiwatazama wateja, na akagundua wateja wenyewe hawaonekani. Giza na moshi. Kinachoonekana ni mikono inayonyooshwa. Mkono wa konda, noti zimekunjwa katikati ya vidole. Mkono wa mwanafunzi umebana sarafu. Mkono wenye hina ya harusi ya juzi. Akafuta sura zote, akabakisha mikono, imesongamana na kupishana kama watu wa Lilanga, lakini hakuna sikio hata moja la kuazima.

Usiku wa mwisho mama akaingia chumbani na chai. Akaukuta ubao umeegeshwa ukutani. Akautazama muda mrefu, kisha akagusa kovu la mafuta ya moto kwenye mkono wake wa kushoto. Lilikuwepo pia kwenye ubao, mahali pale pale.

"Kumbe ulikuwa unaniangalia," akasema. Akaweka chai chini, akatoka.

Kazi ilipita. Haikuongoza darasa, madam alisema mikono miwili ya nyuma imeharakishwa, na kweli imeharakishwa. Lakini alipouliza tena "Huyu mwanamke ni nani?", binti alijibu kabla swali halijaisha.

Ule mchoro wa kwanza bado uko Insta. Hakuufuta. Alibadilisha maneno tu, akaandika: "Zoezi, nimeiga kazi ya Sungi Mlengeya. Niliposti mara ya kwanza bila kusema, nilikosea." Laiki za siku ile hazijarudi. Wa mama yake hajauposti mpaka leo. Uko sebuleni Rangi Tatu, juu ya televisheni, na wateja wengine huingia wakatafuta mkono wao.

Haya wadau, ungekuwa wewe ungeufuta ule wa kwanza au ungeuacha? Tiririka hapo chini.