Ungo wa Njegere

Ukishuka kwenye gari pale Nyandira mwezi wa Desemba, kitu cha kwanza kukupokea ni ukungu, cha pili matope, cha tatu macho ya watu wa kwenu. "Haa! Umenenepa! Dar imekukubali!" Kwetu Mgeta hiyo ni sifa. Anayekwambia hivyo ana maana huna njaa, huna ugonjwa, unatunzwa. Mimi Desemba ya 2021 niliipokea kama kofi. Nikacheka, nikamwamkia mama mdogo shikamoo, na moyoni nikaanza kupiga hesabu: leo sili.

Sikufichi, msomaji. Wakati ule nilikuwa na miaka miwili ya kula na kutapika. Ilianzia chuoni. Kutwa najinyima, usiku njaa ikinizidi nakula chochote kilichomo chumbani, mkate mzima, hata sukari kavu, kisha naenda chooni kukitoa. Wenzangu walidhani nina vidonda vya tumbo. Nikawaacha wadhani hivyo, maana vidonda vya tumbo vina heshima yake. Hiki changu hata jina sikukijua.

Sasa Krismasi nyumbani si mchezo. Chuoni ukikataa kula, umekataa kula tu. Nyumbani chakula kina mwenyewe. Mama analima kwenye mteremko ambao mgeni akiutazama anashika kichwa. Kabichi, viazi na njegere zinazouzwa mjini Morogoro na Dar, yeye anazijua kwa uzito wa kichwani, toka shamba hadi barabarani. Nguruwe wa sikukuu kafugwa tangu Pasaka. Utamwambiaje mtu wa namna hiyo kwamba umeshiba?

Tulitoka misa tukakuta wali, viazi, maharage na kitimoto, sufuria kwa sufuria. Sahani ya kwanza nilikula vizuri. "Ongeza, mwanangu." Ya pili nikala bila kusikia ladha. Ya tatu nilijipakulia mwenyewe, nikila haraka kama mtu anayefukuzwa. Halafu nikazunguka nyuma ya migomba, chooni. Nilipotoka, mama mdogo alikuwa amesimama na ndoo yake ya maji, ananitazama.

Jioni nyumba nzima ilikuwa na jibu: mtoto ana mimba.

Kwetu Uluguruni ukoo ni wa upande wa mama, na neno zito la mtoto hupelekwa kwa mjomba. Mjomba akaja, akakaa, akauliza taratibu, "Ni nani mwenyewe?" Naapa siku ile nilitamani mimba iwepo kweli. Mimba ina jina, ina mhusika, ina faini yake, na mwisho wake watu hupika uji. Nikasema, "Mjomba, sina mimba. Nakula, halafu natapika makusudi."

Kimya. Kisha mama, ambaye hakuwa amesema kitu tangu jioni, akauliza, "Kwani chakula changu kina nini?"

Sijawahi kupata jibu la swali lile. Chakula chake hakikuwa na kitu.

Bibi hakuuliza. Kesho yake, sahani zilipoondolewa tu, akanisogezea ungo wa njegere. "Menya." Nikamenya. Usiku vilevile. Kila baada ya kula, ungo, na bibi pembeni anaongea habari za mvua na za mbuzi wa jirani. Nusu saa ikipita, ile hamu ya kwenda nyuma ya migomba inalegea yenyewe. Hakujua dawa ya ugonjwa wangu. Alijua tu nisiachwe peke yangu.

Niliporudi Dar nikaenda hospitali, nikaambiwa jina: bulimia. Daktari Mwingereza, Gerald Russell, ndiye aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1979. Nikajisemea, basi ni maradhi ya Wazungu, mimi yamenipatia wapi? Baadaye nikasoma habari za wasichana wa Fiji. Televisheni ilifika wilayani kwao mwaka 1995. Mwaka huo hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walikuwa zaidi ya 11 katika kila 100. Na mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa wasichana na wanawake wa Tanzania, nao ukakuta dalili za aina hii hapa hapa kwetu. Kumbe sikuwa kioja.

Nikafundishwa pia jinsi mtego wenyewe unavyofanya kazi. Kujinyima mchana ndiko kunakozaa ulafi wa usiku. Kutapika kunakula meno kwa asidi ya tumbo, na kunapoteza madini ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa. Kwa hiyo dawa inaanza na jambo ambalo mgonjwa analiogopa kuliko yote: kula kwa saa zake, kila siku, hata asubuhi ya sikukuu.

Krismasi ya 2023 nilipanda Mgeta na mpango wangu. Asubuhi, chai na viazi, kabla ya misa. Mchana, sahani nipakue mwenyewe. Mama mdogo nilishamwomba asiuzungumzie mwili wangu. Akaniona tu: "Haa, ume..." akaziba mdomo kwa kanga. Tukacheka mpaka machozi.

Nisikudanganye kwamba nimepona. Usiku wa tarehe 26 nilianguka, mara moja. Asubuhi sikujinyima ili kulipia. Nilikunywa chai kama wengine.

Mchana ule bibi alikuwa amelala. Nikauchukua ungo mwenyewe, nikakaa kizingitini. Mama akaja, akavuta kigoda, akachota njegere kwenye upande wa kanga yake. Hakuuliza kitu. Alianza kunieleza bei ya gunia ilivyoshuka mwaka huo, nami nikamsikiliza, tukimenya.