Babu na Neno Moja la Kiingereza

Katika tasnifu yangu ya uzamili niliandika, kwa Kiingereza, kwamba babu yangu alikuwa skwota katika shamba la mlowezi huko Kiambu. Msimamizi wangu hakulipinga neno hilo. Aliyelipinga ni Mama, niliyemfasiria ukurasa ule kwa fahari. Nilimweleza kuwa skwota ni mtu anayekalia ardhi isiyo yake. Akauliza, "Ilikuwa ya nani?"

Swali hilo lilinirejesha kwenye sheria. Kwa mujibu wa sheria ya kikoloni ya 1918, mkaazi wa namna hiyo alilazimika kumfanyia mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Mtu huyo si mvamizi. Ni mpangaji anayelipa kodi kwa jasho lake. Kiingereza cha utawala kililitia kosa ndani ya jina, msomaji akahukumu kabla ya kusikiliza.

Hata hivyo, haki hiyo yapasa kumfikia mlowezi pia. Karen Blixen, katika *Out of Africa* (1937), huwafananisha Waafrika na wanyama, na wahakiki, Ngũgĩ wa Thiong'o akiwa miongoni mwao, wamemkosoa vikali. Lakini ni yeye huyo aliyekiri humo kwamba wengi wa maskwota wake walizaliwa pale, na kwamba yamkini wao walimwona yeye ndiye skwota. Nimeyafundisha makosa yake miaka mingi bila kuutaja ukurasa huo.

Tasnifu yangu ingali maktabani na neno lile. Mwanafunzi akiniletea nomino ya aina hiyo, humwuliza swali la Mama.