Samaki wa Dar es Salaam hawakufika Uvira

Wamama wapendwa, wengi wenu mmetuuliza kwa nini tulirudi kutoka Dar es Salaam bila samaki. Zile dola 150 zilitoka katika sanduku letu, nanyi mliinua mikono kukubali. Ni haki yenu kupata jibu kamili, si lile la harakaharaka tulilowapa mlangoni mwa kanisa.

Mnakumbuka jambo lilivyoanza. Watoto wa maternele waliona filamu ya Nemo katika simu ya mzazi mmoja, na tangu siku hiyo hawakuchora kitu kingine. Penseli za rangi ya machungwa zikaisha. Tukasema: kwa kuwa wenzetu wanakwenda kutafuta vitenge, walimu wawili wafuatane nao, walete samaki wawili wazima, tuwaweke katika akwariumu ya darasa. Basi tukaondoka, watu saba.

Juu ya njia hatutasema mengi. Kavimvira, Gatumba, Bujumbura, Kobero, kisha basi siku mbili na usiku wake, mpaka miguu ikavimba. Pale Singida tuliona mawe makubwa yaliyopandana kama mtu aliyapanga. Dodoma walituuzia zabibu dirishani. Tulizila zote kabla ya Morogoro.

Tulifikia kwa mama mmoja mzaliwa wa Fizi, aliyeolewa huko zaidi ya miaka 20. Sote tunamwita Yaya. Ni yeye aliyetuambia kwa simu kwamba ana akwariumu sebuleni. Tulipoingia, hata kabla ya kunawa, tulikwenda kuiangalia, na tukavunjika moyo kidogo: samaki hawakuwa wa machungwa! Mwili ni wa kahawia inayokaribia weusi, mistari miwili myeupe, mapezi ya manjano. Yaya akacheka. Yule wa filamu, alisema, makao yake ni bahari za Asia ya kusini-mashariki na kaskazini ya Australia. Huku kwetu Afrika ya mashariki yuko ndugu yake, ambaye wataalamu wanamwita Amphiprion allardi. Jamaa yao yote ina aina kama 30.

Baharini samaki hao wanakaa ndani ya anemoni. Anemoni ni mnyama, ijapokuwa anaonekana kama ua lenye vidole vingi. Vidole hivyo vinachoma. Samaki mwingine akivigusa ananaswa na kuliwa. Huyu wetu mwili wake una ute unaomkinga, basi anajificha humo bila woga, naye anafukuza samaki wanaokuja kumla anemoni. Kwa Yaya hapakuwa na anemoni, maana kumtunza ni kazi kubwa kuliko kutunza samaki wenyewe. Walichagua kukaa katika chungu kilichovunjika, na walikilinda kama ikulu.

Tulikaa siku tano, na kila asubuhi tulikunywa chai mbele ya kioo kile. Hapo ndipo tulipogundua kwamba hatukuelewa kitu. Kulikuwa na samaki wawili, mkubwa na mdogo. Mkubwa alikuwa akimkimbiza mdogo, na mdogo anageuka ubavu na kutetemeka mwili mzima. Mmoja wetu alisema, "Yaya, huyu mdogo ana homa." Mwingine akasema, "Hapana, ni bwana anampiga bibi." Yaya aliweka kikombe chini akatuambia: huyo mkubwa ndiye mke. Na kutetemeka kwa mdogo si ugonjwa, ni salamu ya heshima, kama kusema, nimekubali wewe ndiye mkubwa wa nyumba. Akishatetemeka, ugomvi unaisha. Ukikaa kimya wakati nyumba imetulia, wakati mwingine unasikia hata mlio mdogo, tik-tik. Ni meno yao yanagongana wakitishana.

Wamama, hapa tuwaeleze polepole, kwa sababu sisi wenyewe tulimrudisha Yaya nyuma mara tatu. Samaki hawa wote wanaanza maisha wakiwa madume. Katika anemoni moja aliye mkubwa kuliko wote ndiye jike, wa pili ndiye dume wake, na wengine ni wadogo ambao hawazai bado, kila mmoja kwa zamu yake ya ukubwa. Jike akifa, dume wake anageuka kuwa jike, na yule wa tatu anapanda cheo anakuwa bwana. Yaya aliliona jambo hilo kwa macho yake. Mwaka uliopita umeme ulikatika usiku kucha, pompi ikasimama, jike akafa. Aliyebaki alianza kunenepa na kuwa mkali. Yaya akamletea kijana, na sasa yule aliyekuwa bwana ndiye huyo mama mkubwa tuliyemwona. Maana yake, baba wa Nemo katika filamu, baada ya mke kuliwa, angepaswa kuwa mama! Tulicheka mpaka mume wa Yaya akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Lakini kuhusu mayai tulinyamaza. Jike anayabandika juu ya jiwe, au juu ya chungu kama hapa, na kazi ya kuyalinda inamwangukia baba. Anayapepea kwa mapezi mchana kutwa, anayasafisha kwa mdomo, anaondoa yaliyoharibika. Kwa muda wa juma moja hivi haendi mbali. Yanaanguliwa usiku, na baharini vitoto vinachukuliwa na maji. Mama mmoja kati yetu, ambaye tunajua shida zake, alimwangalia yule samaki mdogo muda mrefu bila kusema neno.

Siku ya tatu tulitaka kusaidia kazi za nyumba. Maji ya akwariumu yalikuwa yamepungua, na mmoja wetu (hatutamtaja, ni mwalimu) alileta ndoo ya maji na kijiko cha chumvi ya jikoni. Yaya alipiga kelele! Maji yakipungua kwa joto chumvi inabaki, kwa hiyo unaongeza maji matamu tu. Na chumvi yenyewe si ya jikoni, ni ya kununuliwa maalum, karibu gramu 35 kwa litre moja. Akwariumu ya litre 100 inadai kilo tatu na nusu, na kila unapobadilisha sehemu ya maji unapima tena. Ongeza pompi inayofanya kazi usiku na mchana, na betri ya siku ya giza. Walimu tulianza kutazamana. Darasani kwetu umeme tunauona mara ngapi kwa juma?

Jioni hiyo tuligombana. Mmoja alisema tukirudi mikono mitupu mtatuita wezi. Mwingine alisema tukirudi na samaki watakaokufa mbele ya watoto baada ya siku nne, tutakuwa tumetupa pesa na kuwaliza watoto pia. Wa tatu alisema tununue tu, Mungu atasaidia. Tulilala bila kukubaliana.

Kesho yake Yaya alitupeleka Kunduchi, tukapanda mashua hadi kisiwa cha Mbudya. Ni hifadhi ya bahari, unalipa kuingia. Mchanga mweupe, maji ya rangi ambayo ziwa letu halina. Mwenzetu mzaliwa wa Baraka, aliyejua kuogelea kabla ya kujua kusoma, alivaa miwani ya kuzamia akashuka. Alikaa sana. Aliporudi juu alisema kwamba ameona anemoni moja yenye samaki watatu, mkubwa, wa kati na mdogo, kama Yaya alivyosema, na mkubwa alitoka akaja mpaka mbele ya miwani kumfukuza. "Mimi mtu mzima, yeye kama kidole, na ananifukuza kwake." Akashika upande wa mashua, akapumua, kisha akasema: "Muwaache hapa." Hakuna aliyemjibu, wala hatukugombana tena.

Sasa hesabu. Dola 150 zilirudi Uvira zote. Tulipowaeleza wajumbe wa sanduku, waliruhusu tutumie 40 kwa fundi wa vioo, akatutengenezea sanduku la kioo. Maji ni ya ziwa, tunabadilisha kidogo kidogo kwa ndoo. Mvuvi mmoja alituletea samaki wadogo wa Tanganyika, wale wanaokaa ndani ya makome matupu ya konokono, hawazidi urefu wa kidole. Dume na jike, kila mmoja ana kome lake. Watu wa Ulaya wanalipa pesa nyingi kuwa nao nyumbani, na sisi tunawakanyaga makome yao tukienda kufua. Dola 110 ziko sandukuni, njooni mzihesabu.

Wiki mbili zilizopita jike alikaa ndani ya kome karibu siku nzima, hakutoka kula. Watoto walitaka kugonga kioo. Msichana mmoja wa miaka mitano akawazuia: "Muache, iko na mayai." Jumatatu hii tulihesabu vitoto saba mlangoni mwa kome. Yeye anasema ni tisa.