Siku Kati ya Ziara na Ziara

Mtaalamu wa tiba ya kazi alikuwa akija kwetu Kabianga, Kericho, mara moja kwa mwezi, barabara ikiruhusu. Alimpima mtoto, akaandika mpango wake, akanionyesha la kufanya, kisha akarudi hospitalini kwenye foleni ya wagonjwa. Siku zote zilizobaki zilikuwa zangu. Nilikuwa msaidizi wa mtaalamu huyo shuleni, na ukiniuliza kazi yenyewe ilikuwa nini, nitakwambia ilikuwa uji, vifungo vya shati, penseli na njia ya kwenda chooni.

Nilizaliwa huku huku, mtoto wa wachumaji chai. Shuleni niliingia kama mlezi wa bweni, katika kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu ndani ya shule ya msingi ya kawaida. Wengi walikuwa na mtindio wa ubongo: huyu alichelewa kulia baada ya uchungu wa muda mrefu, yule aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa mchanga. Walitufikia kupitia vituo vya tathmini ya elimu, ambavyo serikali ilianza kuvifungua mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark ili mtoto apimwe kabla ya kutafutiwa shule. Wengine walikuja wakiwa wakubwa tayari, wamekaa miaka nyumbani mgongoni mwa kogo, nyanya yao, kwa kuwa mama yuko shambani tangu alfajiri.

Jambo la kwanza nililofundishwa ni kuketi. Mtoto ambaye miguu yake inaning'inia hewani hutumia nguvu zake zote asianguke, na mkono hauna nafasi ya kuandika. Nyonga zirudi nyuma kabisa kwenye kiti, magoti yakunjwe sawasawa, nyayo zikanyage kitu kigumu, meza ifike kwenye viwiko. Hapo ndipo mwalimu anaanza kusema kwamba mtoto fulani, kumbe, anasikiliza.

Viti vya namna hiyo havikuwa vya kununulika, basi tulivitengeneza kwa karatasi. Ujuzi huo ulianzia Zimbabwe na kusambaa mbali. Unaomba makatoni dukani, unayakata kwa vipimo vya mtoto mwenyewe, unayabandika tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa, kisha unafunika kote kwa vipande vya magazeti na kuacha kikauke. Taabu yetu ilikuwa huko kukauka. Kericho mvua hushuka mchana karibu mwaka mzima, na kiti kibichi hushika ukungu. Mpishi wa shule alitupa nafasi jikoni, karibu na meko, na viti vyetu vilitoka huko vikinuka moshi na vigumu kiasi cha kukaliwa na mtu mzima. Nilikipaka kila kimoja vanishi mwenyewe, kwa sababu uji ukimwagika juu ya karatasi tupu, kazi yote imekwenda.

Kulisha ndiko kulikonipa hofu zaidi, na bado naamini ndiko mafunzo yangepaswa kuanzia. Mtoto anayelazwa chali na kumiminiwa uji hupaliwa, na uji ukiingia mapafuni huleta nimonia. Nilijifunza kumkalisha wima, kidevu kikiinama kidogo, nami niketi chini mbele yake macho yetu yalingane. Kijiko kinatoka mbele, si juu. Uji ni mzito kiasi. Unangoja ameze ndipo unateka tena. Kengele ya darasa inaweza kulia kabla hamjafika katikati ya kikombe. Niliwaomba walimu watuvumilie, na wengi wao walituvumilia.

Kulikuwa na msichana aliyeshika kila kitu kwa ngumi. Mpango wake ulisema kidole gumba kikutane na cha shahada. Tulibana vibanio vya nguo, tukaokota maharagwe, tukazungushia penseli kipande cha mpira wa tyubu ili inenepe mkononi. Mama yake alipokuja siku ya wazazi, nilimweleza kwa maneno mengi. Akanikatiza.

"Madam, si ni kuchuma tu? Majani mawili na kichipukizi. Ukishika kwa ngumi unaharibu chai."

Akamshika bintiye vidole na kumwonyesha, kama alivyoonyeshwa yeye na mama yake. Tangu hapo akirudi kutoka shambani jioni alikuwa akimwekea vijiti vichache vyenye majani mabichi, mtoto achume ameketi. Vidole hivyo ndivyo vilivyofunga kifungo cha sweta muhula uliofuata. Mpango ulioandikwa vizuri hauwezi kumshinda mzazi aliyeelewa kinachotafutwa, na mara nyingi kazi yangu ilikuwa kumfikishia tu lugha ya mikono anayoijua.

Mipaka yangu niliifahamu na niliiheshimu. Sheria ya mwaka 2017 inataka mtaalamu wa tiba ya kazi asajiliwe na kupewa leseni. Mimi sikupima mtoto wala kubadilisha mpango. Nilifanya, nikaangalia, nikaandika kwenye daftari: leo amemeza bila kukohoa, leo mkono wa kushoto umekaza. Mtaalamu alilisoma daftari hilo kwanza kabla hata ya kunywa chai, kwa kuwa yeye aliona siku moja na mimi niliona mwezi.

Lakini nafasi hii ya msaidizi haina mwenyewe. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, hospitali ni za kaunti, shule za msingi zimebaki kwa serikali kuu, na anayesimama kati yao hulipwa kwa michango ya wazazi. Bonasi ya chai ikitoka vizuri, mshahara unapatikana. Ikiwa ndogo, unangoja. Dada aliyenirithi anaishi hivyo hivyo. Ana mikono mizuri kuliko yangu. Ninachotaka ni aandikwe kwenye orodha ya watumishi, apewe mafunzo ya kulisha na kukalisha kabla ya kukabidhiwa mtoto mwingine, na mtaalamu apewe usafiri wa kumfikia kila wiki, hata mwezi wa Aprili, mvua inapoharibu barabara.