Ukurasa ulioshonwa



Wiki iliyopita binti yangu alitoa kaye ya nyanya yake ndani ya sanduku la bati, akaja nayo mezani. "Mama, kwa nini hapa pameshonwa?" Nilikuwa ninasahihisha kazi za watoto wa darasa langu. Nikaweka biki chini. Mimi pia niliwahi kuuliza swali hilo nilipokuwa msichana, na sikujibiwa.

Ninyi mliosoma kwa masista mnaijua kaye ya kumbukumbu. Ukikaribia kumaliza sekondari, unawapa wenzako kaye yako, kila mmoja anakuandikia shairi fupi, anachora ua pembeni, anatia sahihi. Nilipokuwa chuo cha ualimu Bunia nilisoma kwamba wanafunzi wa Wittenberg, kule Ujerumani, walikuwa na vitabu vya namna hiyo tangu karne ya 16. Basi si mchezo wa wasichana tu, kama bwana yangu anavyopenda kusema.

Mama aliianza yake mwaka 1983, nchi ingali Zaire. Wenzake wa darasa walijaza kurasa nane. Kurasa zilizobaki akazileta nyumbani Nizi, akawapa ndugu zake. Hakuna Maria wala Jean katika kurasa hizo za kwanza: tangu 1972 majina ya ubatizo ya Kizungu yalikuwa yamekatazwa, kila mtu akatia jina la ukoo tu. Shangazi mmoja aliandika baada ya 1990. Huyo ametia jina lake la ubatizo kwa herufi kubwa na kulipigia mistari miwili chini.

Babu alikuwa mfanyakazi wa Kilo-Moto, na mwandiko wake ni wa mtu aliyezoea kushika chuma:

Dhahabu tuliichimba, ikaenda ng'ambo;
wewe chimba kitabu, hicho hakibebwi.

Nyanya, yaani mama wa mama yangu, hakujua kusoma. Alipaka wino kwenye dole gumba, akalikandamiza katikati ya ukurasa. Chini yake mama aliandika maneno aliyoambiwa: "Sina herufi, lakini mkono huu ndio uliokubeba." Nyanya amekwisha kufa. Picha yake hatuna hata moja. Tuna dole hilo.

Mwaka 2003 tulipokimbilia Bunia, mama alifunga kaye ndani ya mfuko wa plastiki, akaiweka kati ya mgongo wake na mtoto aliyembeba kwa kitenge. Sufuria aliiacha. Tulilala chini ya mahema karibu na uwanja wa ndege, na nakumbuka nilimkasirikia: kaye haipiki ugali. Mwaka 2018, vita viliporudi Djugu, tulikimbia tena. Safari hiyo mimi ndiye niliyeibeba, na sufuria pia.

Sasa ule ukurasa. Karatasi mbili zinazofuatana zimeshonwa pande tatu kwa uzi mweusi, mishono midogo sana, kama ya nguo ya mtoto mchanga. Nilimpelekea mama kaye, binti yangu akifuata nyuma. Mama aliishika muda mrefu. Kisha akamwambia mjukuu wake, si mimi: "Niletee wembe."

Alikata uzi polepole huku akisimulia. Mwandishi wa ukurasa ule ni mke wa mjomba wangu, yaani wifi yake. Alitoka kabila ambalo wakati wa vita tuliambiwa ni adui. Sitalitaja, kwa sababu wasomaji wa karatasi hili ni wa pande zote, na kila mmoja wenu analo jina ambalo naye aliambiwa. Mjomba hakurudi kutoka vitani. Mke wake aliambiwa arudi kwao, akaenda na watoto wawili. Baadaye wazee wetu walikaa, wakasema jina lake lisionekane tena katika vitu vya familia. Walitaka ukurasa ung'olewe na kuchomwa.

"Nilijibu: ndiyo, baba," mama alisema. "Usiku nikatafuta sindano."

Wazee walipoipekua kaye hawakuliona jina. Wakaridhika. Mama akakaa na mishono ile miaka zaidi ya 20, asimwambie mtu.

Wino umefifia kidogo tu, maana haukuona jua. Binti yangu ndiye aliyesoma kwa sauti:

Moto wangu ukizima nitakuja kwako;
wako ukizima, wifi, kaa langu ni lako.

Nilitaka kusema neno la mwalimu, nikakosa. Ukweli ni kwamba nilimkasirikia mama pia. Alihifadhi karatasi, lakini wifi mwenyewe alimwacha aondoke njiani na watoto, bila kumsindikiza hata mpaka Iga-Barrière. Nikamwambia hivyo. Mama hakukataa. Alisema: "Niliogopa. Ningemsindikiza, na mimi ningefukuzwa, na ninyi mlikuwa wadogo." Kisha akaanza kuvuta vipande vya uzi kimoja kimoja, akiviweka kwenye kiganja cha mjukuu wake.

Mama mmoja wa soko amenieleza kwamba yule wifi yuko hai. Anauza samaki wakavu Bunia, na mmoja wa watoto wake sasa naye ni mwalimu.

Jumapili baada ya misa mama aliniuliza kama barabara ya Bunia ni salama wiki hii. Nikamwambia watu wanapita, tukitoka asubuhi tutapata pikipiki. Alinyamaza kidogo. Halafu akasema nibebe kaye, nifunge vizuri kwa plastiki kwa sababu ya mvua, na nisisahau biki, maana upande wa pili wa ukurasa ule bado ni mweupe.